Upepo Uliozima Taa za Rumonge

Mimi simwamini mtu anayenunua samaki bila kupatana bei. Yule kijana wa chuo, siku ya kwanza alipofika ufukweni kwetu Rumonge, alisimama mbele ya ndagala zangu, nikamtajia bei ya kumtania, naye akatoa pesa akalipa, akasema murakoze, yaani asante. Loo! Nikamtazama usoni, nikamtazama na viatu. Huyu hakuja kununua samaki. Nikamfungia mzigo wake kwenye jani la mgomba, na kabla hajafika barabarani nilikuwa nimekwisha waambia wanawake wenzangu: jamani, chungeni midomo, tumeletewa sikio.

Msinicheke. Miaka ile mfalme alikuwa amekwisha ondolewa, chama kimebaki kimoja, na vijana wa chama walizunguka sokoni wakidai kadi kwa watu waliowajua tangu utotoni. Uhuru tuliucheza sana, mimi mwenyewe kisigino kilipasuka kwa ngoma. Baadaye tukaanza kusikia kwamba fulani ameitwa ofisi ya komini, fulani amehamishwa, fulani ameenda safari na mke wake haelezi ni safari gani. Sisi ambao babu zetu walitoka Ujiji na ng'ambo ya Kongo tulitazamwa mara mbili kila tulipopita. Kwa hiyo kushuku mtu haikuwa tabia mbaya. Tulivaa shaka asubuhi pamoja na kitenge, hakuna aliyetoka nje bila hivyo viwili.

Siku iliyofuata kijana akarudi, akaketi na wanaume waliokuwa wanashona nyavu, akajieleza bila kuzunguka. Anasoma Bujumbura, anamalizia chuo, na kazi aliyoichagua ni kutafiti habari za wafanyakazi. "Nataka kujua watu wanagoma namna gani mahali ambapo kugoma kumekatazwa," akasema. "Nimesikia kwamba hapa Rumonge, baada ya uhuru, taa za wavuvi zilizimika zote na mitumbwi ikalala."

Wanaume wakaendelea kushona. Halafu mmoja akasema, "Ilikuwa upepo."

"Upepo," akasema wa pili.

"Ee, iko upepo mubaya sana huku," akasema wa tatu, na hakuinua macho.

Kijana akacheka kidogo. "Upepo huo ulikuwa na akili." Hakuna aliyecheka naye. Na jambo lililonimaliza kabisa mimi ni kwamba hakuandika kitu. Mtu wa chuo, hana kalamu, hana karatasi, anakusikiliza tu na macho yake mazuri. Nikajiuliza, huyu anayaweka wapi maneno yetu? Na atayatapika mbele ya nani?

Ngoja nieleze huo upepo, maana patroni, tajiri mwenye mitumbwi, alikwisha rudi kwao na mitumbwi yake imeoza. Mume wangu, baba watoto, alikuwa mtu wa taa. Ndagala huvuliwa gizani. Unaning'iniza taa ya karabai kwenye mtumbwi, samaki wanaufuata mwanga, wavu unawachota. Bila taa hakuna kazi, ni kutembea majini tu. Sasa ndani ya karabai kuna kisoksi cha kitambaa laini. Ukikifunga kipya unakichoma kwanza, kitambaa kinaungua, kinabaki jivu jeupe lililosimama kwa umbo lile lile, na hilo jivu ndilo linalong'aa. Ukiligusa limekwisha. Mtu wa taa maisha yake yote anaogopa kidole chake mwenyewe.

Tangu wakati wa Wabelgiji, kila mvuvi aliyetoka ziwani alijaza bakuli lake la samaki kabla kapita, msimamizi wa patroni, hajaanza kupima. Tuliliita bakuli la mkono. Halikuombwa, lilikuwa desturi, na watoto wengi wa Rumonge wamenenepa kwa bakuli hilo. Baada ya uhuru patroni akalikata. Samaki wote ni wake, alisema. Yaani mume wako analowa mpaka mifupa, halafu asubuhi wewe unasimama kwenye foleni kununua samaki wale wale alioshika kwa mikono yake. Haki ya Mungu, siku ile nilitukana mpaka mama mkwe akaenda kufunga mlango.

Kugoma haikuwezekana. Administrata wa komini alikuwa ametangaza kwamba anayekataa kazi anapinga serikali. Basi hawakukataa kazi. Jua likiwa bado juu waliteremka ufukweni wote, wakaingia mitumbwini, wakashika makasia, wakasubiri taa. Baba watoto akawasha ya kwanza, kisoksi kikaanguka. Akafunga kingine, nacho kikaanguka. Mitumbwi ya jirani vile vile. Kapita akakimbia stoo akaleta vipya, navyo vikaanguka.

"Iko nini hii?"

"Upepo, bwana kapita."

Kesho yake upepo, na siku iliyofuata upepo. Stoo ikabaki tupu, wakatuma Bujumbura, vikaletwa vingine, upepo ukavila. Administrata alipokuja na polisi wake aliwakuta watu wameketi mitumbwini, makasia tayari, wakamwamkia kwa heshima zote, amahoro shefu. Amfunge nani hapo? Alilowesha kidole kwa mate akakiinua juu kupima huo upepo. Majani ya michikichi yalikuwa yametulia kimya. Haukupita muda mrefu bakuli zetu zikarudi.

Ufukwe mzima ulijua kichwa cha nani kilitunga jambo lile, na hakuna aliyelitamka. Hata mimi sikuambiwa, nilijua tu, kwa sababu ninamjua mtu ninayelala naye. Sasa huyu kijana wa chuo, kila alipouliza habari za upepo, masikioni mwangu alikuwa anauliza shingo ya mume wangu iko wapi.

Nikaanza kumfuatilia. Nilijua anaamka lini, anakula wapi, nani amempangisha chumba karibu na soko. Siku moja nikamwona amesimama na administrata kwenye ngazi za komini, wanapeana mikono. Nikakimbia nyumbani. "Umeona?" nikamwambia baba watoto. "Nilikwambia!"

"Mama watoto, kila mgeni anapita komini kuonyesha karatasi zake. Unataka apite wapi, dirishani?"

"Na kucheka wanacheka nini?"

"Labda administrata amesema jambo la kuchekesha."

"Yule? Tangu lini?"

Mume wangu alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinitia hasira kuliko ulevi wa waume wa wenzangu. Alimpenda yule kijana. Alimwacha akae karibu naye alasiri wakati wa kusafisha vioo vya taa, wakizungumza habari za samaki, habari za ziwa, habari za Nyanza-Lac ambako ndagala ni wanene zaidi. Mimi nilikuwa nasogeasogea na kapu langu, nasikiliza.

Alasiri moja nilikuwepo nikaona kwa macho yangu. Baba watoto alikuwa amechoma kisoksi kipya na amekizima, taa imekaa juu ya gogo. Wanaume wengine walikuwa karibu, wanakunja nyavu. Kijana akachuchumaa, akaitazama ile taa kwa muda, kisha akaingiza ukucha wa kidole kidogo juu kabisa, kwenye shingo, pale uzi unapofungwa. Akagusa kidogo tu. Kisoksi kikashuka chote kwa pamoja, kikawa unga.

Mana yanje, Mungu wangu! Wanaume wakaziachia nyavu. Lazima muelewe: mtu asiyejua akigusa kisoksi, anagusa tumboni, kinatoboka, na tundu la kidole linaonekana wazi kabisa. Ukitaka kianguke kizima, ionekane kimeanguka chenyewe, kuna mahali pamoja tu pa kugusa. Hilo hawafundishi chuoni.

Kijana akasema kwa sauti ndogo, "Baba yangu alikuwa mtu wa taa huko Muhuta. Na kule pia kulivuma upepo. Alikufa kabla sijamwuliza nani aliuanzisha. Ndiyo maana nauliza ninyi."

Baba watoto akapangusa mikono yake kwenye suruali, akachukua kisoksi kingine akaanza kukifunga. Lakini alilikosea fundo mara mbili, yeye anayelifunga gizani. Alitaka kumwambia. Jamani, alitaka kumwambia kila kitu pale pale, mbele za watu, kwa sababu tu mtu amemtajia marehemu baba yake!

Nyumbani tukagombana. Yeye anasema mtoto wa mtu wa taa ni mtoto wetu. Mimi nasema jambo lile anaweza kufundishwa na polisi yeyote aliyemtesa mtu wa taa hadi akasema. Mwishoni tukakubaliana hivi: niende Muhuta nikaulize. Kama kijana ni wa kule kweli, baba watoto anakaa na anamweleza anachotaka. Kama ni mwongo, baba watoto anavuka ziwa kwenda upande wa Kongo, kwa ndugu zangu mjini Baraka, kabla hawajaja kumchukua. Hakuna la tatu.

Nikapanda lori la mawese, nikakaa juu ya mapipa, nikafika Muhuta mgongo unauma na kitenge kimeloa mafuta. Ufukweni wanawake walikuwa wameanika kama sisi, wanageuza samaki kwa viganja. Nikasalimia, nikajifanya natafuta ndagala wa jumla. Kidogo kidogo nikauliza habari za mjane wa mtu wa taa. Kila niliyemwuliza alinitazama uso, kisha viatu. Nikajua macho hayo, ni yangu.

Mwisho nikamfikia mama mmoja, mwembamba, ameketi peke yake. Alinikaribisha vizuri. Akachota maji, akaonja yeye kwanza kama inavyopasa ili mgeni asiogope sumu, ndipo akanipa.

"Mama," nikasema, "kuna kijana anasoma Bujumbura. Anasema kwao ni hapa, baba yake alifanya kazi ya taa."

Viganja vyake vikasimama juu ya samaki. "Hapa hakuna aliyesoma," akasema. "Watoto wetu ni wavuvi tu."

"Na mume wako wewe?"

"Mume wangu alilima muhogo. Na kunywa." Akaanza kugeuza samaki tena. "Wewe umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nafanya biashara."

"Mume wako anafanya kazi gani?"

"Fundi seremala," nikasema, bila hata kufikiri.

"Kazi nzuri," akasema.

Tulidanganyana vizuri, kwa adabu, tukaagana kwa amahoro. Niliona vile viganja vilivyosimama, si kwamba sikuona. Lakini niliona pia kwamba mwanamke yeyote angeshtuka akiulizwa na mgeni asiyemjua. Ningesemaje nyumbani, kwamba viganja vimesimama? Nikarudi na neno nililopewa: Muhuta hawamjui.

Baba watoto hakubishana. Alivuka mchana kweupe kwenye mtumbwi wa wafanyabiashara, na dumu la mawese mapajani kama mtu anayekwenda sokoni. Aliniangalia mara moja tu. Nilisimama pale mpaka mtumbwi ukawa kitone, nikalia, tena si kwa huzuni tu. Nilikuwa na hasira na yule kijana kiasi kwamba ningemkuta ningemrushia kapu.

Na nikamkuta! Alikuja kesho yake kumtafuta rafiki yake. Nikamwambia ameenda kwa dada yake, mgonjwa.

Akanitazama. "Mama, ulikwenda Muhuta?"

"Mimi? Kufanya nini Muhuta?"

"Kama walikwambia hawanijui, usiwalaumu. Nilimwambia mama yangu mwenyewe: atakayekuja kuuliza habari zangu, yeyote yule, mwambie hunijui. Kazi hii ninayofanya si ya kutangaza. Sikuandika hata hapa kwenu, nashika kichwani, ili nikikamatwa nisimwachie mtu majina."

Ebu sikilizeni hiyo! Mtu akuambie ushahidi wake ni kwamba wanaomjua watakataa kumjua. Nilicheka mbele ya uso wake. Nikamwambia, "Basi mimi pia ni binti wa mfalme, nenda kaulize, watakataa." Akainamisha kichwa, akatabasamu kidogo, akaenda. Sikumtuma mtu yeyote Baraka kumwita mume wangu. Mlitaka nimwamini kwa lipi?

Haukupita muda fujo ikaanza upande wetu. Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili. Kwanza walikuja watu wenye mapanga wakaua, halafu wanajeshi wakaja wakaua zaidi, na wa pili hawakuwa na haraka. Nani alikuwa kabila gani sisemi hapa, maana watu walikuwa wanakufa kwa swali hilo. Barabara ya Bujumbura ikafungwa. Waliosoma waliitwa kwa majina, walimu, makarani, wauguzi, wakaenda wenyewe wamevaa mashati safi, wakidhani wanaitiwa mkutano. Wakaja pia kwa watu wa taa na makapita, kwa yeyote aliyewahi kusikilizwa na wenzake. Walifika kwangu. Wakauliza baba watoto yuko wapi, nikawaambia alinitoroka na mwanamke wa Uvira, nikamtukana huyo mwanamke kwa sauti kubwa mpaka wakachoka wakaondoka. Mume wangu alipona kwa sababu hakuwepo. Na hakuwepo kwa sababu ya shaka yangu juu ya mtu ambaye hakustahili shaka.

Kwa maana kijana yule walimchukua. Siku hiyo alikuwa amekwama kama wote, mwenye chumba amemfukuza, asubuhi amebisha hata kwangu, sasa anazungukazunguka sokoni. Walimpandisha kwenye lori pamoja na walimu wa shule, mchana, mimi nikiwa ng'ambo ya barabara na kapu kichwani. Aliniona. Ningemsalimia, wangeuliza wewe unamjuaje. Naye alilijua hilo, maana aliniona kisha akayapitisha macho kama aliyeona ukuta. Hapo ndipo nilipoamini. Mpelelezi hapandishwi lori lile, na mpelelezi asingenificha vile.

Miezi ilipita. Ndagala walirudi kuwa wengi, wanunuzi hawakuwepo. Asubuhi moja nimeinama nageuza samaki, nikaona viganja vingine vinageuza mstari huo huo kutoka upande wa pili. Sikusikia amefika saa ngapi. Alikuwa yule mama wa Muhuta. Alikuwa amekonda zaidi, miguu imejaa vumbi, nadhani alikuja kwa miguu. Hakunisalimia kama mtu anayenijua, wala mimi sikumsalimia hivyo. Tuligeuza samaki.

Kisha akasema, "Kuna kijana wa chuo alikuwa huku."

Ufukwe ulikuwa mtupu. Kulikuwa na mchanga, samaki na sisi wawili, hakuna sikio la mtu. Nilijua ni mama yake. Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo niseme, na mdomo ukatoa kile ulichokuwa umezoea kutoa mwaka ule mzima.

"Simjui, mama."

Hakushangaa. Aliitika kwa kichwa polepole, kama vile nimempa jibu sahihi, akaendelea kugeuza mpaka mwisho wa mstari. Alipofika karibu yangu akasimama, akajifunga kitenge upya kiunoni. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Na huyo usiyemjua," akasema, "siku walipomchukua, alikuwa amekula?"

Nikamshika mkono, mkono wake umejaa magamba ya samaki na wangu vile vile.

"Alikula," nikamwambia. "Asubuhi ile alinijia mlangoni na njaa, sikumkaribisha ndani, nilikuwa bado namwogopa. Lakini nilimpa ugali wa muhogo na ndagala, akala amesimama, akamaliza sahani yote, mama. Akaniomba na maji."

"Ulionja kwanza?" akauliza.

"Sikuonja," nikasema. "Aliyanywa hivyo hivyo, hakuniogopa."